Masafa Yasiyo na Mwenyewe

Nzuguni, Dodoma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nausalimu mgongo wako na magoti yako, maana najua ukiulizwa habari unajibu "nzuri" hata kama umeshinda unajikongoja. Safari hii nijibu ukweli. Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika? Na kahawa mmeanza kuchuma? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni upepo na vumbi, midomo inapasuka mpaka mtu anaogopa kucheka, lakini siumwi.

Najua umeshangaa kuona barua. Siku hizi nani anaandika? Ila kwenye simu ya jirani yako tunaongea mimi, wewe na ukoo wake wote. Juzi nilipojaribu kukueleza jambo hili ukawa unaniuliza, "Mkono upi, Deo?" na nyuma yako nasikia watu wanacheka. Nikaona bora niandike, ukae nayo peke yako, uisome hata mara tatu.

Habari yenyewe ni ya Osmundi. Unasema mdogo wangu ameota kiburi, kwamba simu niliyomnunulia ameitupa kwenye shimo la maganda ya kahawa na hataki hata kuangalia picha yangu ukutani. Unadhani tumegombana. Mama, hatukugombana. Kosa ni langu, na nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa furaha kabisa.

Unakumbuka nilipokwambia kwamba nauza intaneti ukaniambia, "Kwa hiyo unauza upepo." Hukukosea sana. Redio na simu zote zinapita hewani kwenye njia zake, na njia hizo tunaziita masafa. Mengi yana wenyewe. Kampuni za simu zimepewa leseni, mwingine hakanyagi humo. Lakini yako machache yaliyoachwa wazi, yeyote anatumia bila kuomba kibali, alimradi asizidishe nguvu. Antena zangu zote zinapita kwenye hayo ya wazi. Nachukua intaneti kwa rafiki yangu mjini, nairusha mpaka kilimani, kutoka kilimani inatua kwenye nguzo yangu juu ya bati la Mama Ndahani, mwenye nyumba wangu, na kutoka hapo inaingia kwa majirani. Miaka mitatu ilinilisha.

Na ndiyo iliyonikutanisha na Osmundi kila Jumapili. Watu wanaosikia hawajui kiziwi anahitaji picha ya namna gani. Sauti ikikatika unabahatisha neno. Mkono ukikatika hakuna cha kubahatisha. Osmundi hajui kusoma, hakwenda shule ya viziwi, ishara zake tulizitunga mimi na yeye shambani tangu homa ilipomziba masikio. Hakuna mtu mwingine duniani anayezijua zote. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa saa nzima, saa mbili, ananieleza mambo ya wiki nzima kwa mikono. Ningeifanya hiyo kwa bando la simu ningekufa njaa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mwezi ule wa upepo mkali wakaja mafundi wa kampuni moja ya simu, na gari lao na ngazi fupi isiyofika popote. Walikuwa wanatafuta pa kufunga maboksi yao madogo, yale yanayosaidia mnara. Mama Ndahani hakutaka. Yeye ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mjane, hapendi mtu apande bati lake. Mimi nikaingilia kati. Nikamwambia, "Mama, hawa wanaleta mtandao, mtaa wote utafaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye unayejua hayo mambo ya waya. Ukisema salama, salama." Akatia sahihi kwenye karatasi zao.

Nikawapa ngazi yangu. Nikawaonyesha pembe ya paa ambayo haina kizuizi, ambayo mimi mwenyewe nilihangaika kuitafuta. Mama Ndahani akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda, wakala wakajilamba. Na mimi fundi mzima sikuwauliza hata swali moja kuhusu maboksi yao. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgeni haulizwi shida yake kabla hajanawa na kula. Basi wao walifunga kwanza, wakala baadaye, na walipomaliza kula walinawa wakaondoka. Nilijua tu kwamba kampuni ina masafa yake ya leseni. Mtu mwenye shamba lake humfikirii kwamba atakuja kulisha mifugo kwenye uwanja wa wote.

Jumapili iliyofuata Osmundi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya jiko, shati limefuliwa. Akaanza kunieleza habari ya ndama wenu mpya. Mara picha ikaganda. Ikarudi, ikaganda. Nikadhani ni umeme. Kesho yake wateja wakaanza kupiga simu. "Deo, vipi?" "Deo, umelala?" Nikapanda juu ya bati, nikabadilisha nyaya, nikabadilisha antena, nikabadilisha hata maneno ya kuwaambia wateja. Hakuna kitu.

Nilikuja kumpata injinia wao barabarani, kijana mpole tu, hana baya. Nikamuuliza. Akasema, "Mji umejaa, kaka. Ofisi zimehamia, vyuo vimeongezeka, ikifika jioni masafa yetu ya leseni yanalemewa. Sasa tunaongezea na haya ya wazi."

"Haya ninayotumia mimi?"

"Haya ya kila mtu."

Nikamwambia lakini vifaa vyangu vina adabu, kabla ya kusema vinasikiliza kama kuna mwingine anasema. Akajibu, "Hata vyetu vinasikiliza. Ila chako kiko kule kilimani, kinanong'ona. Chetu kiko hapo hapo juu ya bati lako. Hakikisikii chako, na kwa kelele zake hata wewe hukisikii."

Nikaenda ofisi ya wanaosimamia mawasiliano. Nilivaa shati la misa. Dada mmoja akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akanifungulia kanuni, akanisomea. Masafa ya wazi hayana mwenyewe, anayeyatumia hana haki ya kulindwa na mwingine anayeyatumia. Hakuna aliyevunja sheria. "Pole sana, kaka," akasema, na alikuwa anamaanisha. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo. Ningepata mtu wa kumlaumu ningepata nguvu, mama. Sikumpata.

Nilihamia upande mwingine wa masafa hayohayo, siku tatu pakawa pazuri, kisha nao wakafika. Nilihamisha nguzo kwa jirani, wakafunga boksi jingine mtaa wa nyuma. Kulitoa lile la kwanza haiwezekani mpaka karatasi ile ifikie mwisho wake, na sahihi aliitia kwa maneno yangu. Mama Ndahani hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Alisema tu kwamba kwao kiangazi wanachimba visima kwenye mchanga wa mto. Kisima hakina mwenyewe, lakini mwenye ng'ombe wengi anangoja wenye ndoo wamalize. "Hao wageni wako," akaniuliza, "kwao hawachoti maji?"

Na usidhani watu wamekasirika. Wenye simu mpya wanafurahi, video zinafunguka kabla hujagusa. Wateja wangu wengi wamehamia huko. Waliobaki ni wale wenye simu kuukuu kama yangu na wasioweza bando, na hao ndio siwezi kuwapa kitu.

Lakini nilikuwa nakueleza habari ya Osmundi.

Mtandao ukiganda, wewe unasikia "haloo, haloo," unajua tatizo ni simu. Yeye anaona nini? Anaona uso wangu umesimama, macho wazi, yanamtazama. Anauliza, simjibu. Anauliza tena, namkodolea macho tu. Jumapili tatu mfululizo, mama, ndugu yake alimtazama usoni akakataa kumjibu. Jumapili ya nne alianza kuniuliza swali, alikuwa amekunja uso, mkono wake ukafika hapa kwenye shingo, picha ikaganda. Sijui alikuwa anauliza nini. Iliporudi niliona mgongo wake.

Nilinunua bando siku ileile, la kampuni ileile, nikaazima simu mpya ya jirani, nikasimama barabarani. Picha ilikuwa safi ajabu, niliona mpaka kiraka kwenye shati lake. Wewe uliishika ile simu yake, kabla hajaitupa, ukasimama nyuma yake ukawa unamwita, "Osmundi! Osmundi! Kaka yako huyu!" Ulikuwa unamwita kwa sauti, mama. Miaka yote hii bado unamwita. Sikulaumu. Tangu tukiwa wadogo ulikuwa unaniambia, "Mwambie mdogo wako aje kula," "Mwambie mdogo wako aache," na mimi nilipenda kuwa mdomo wake, nilijiona mkubwa. Sikukufundisha. Nikapanda basi la Dodoma nikaondoka na maneno yake yote.

Utaniuliza kwa nini nisije. Mama, nimeajiriwa. Nimeajiriwa na walewale. Injinia yule alinionea huruma, aliona najua kupanda nguzo, akanitafutia nafasi. Sasa nazunguka kata za mji huu nafunga maboksi juu ya mabati ya watu, na kila nyumba naangalia kwanza kama kuna antena ndogo kama zangu. Zikiwepo naona aibu, halafu nafunga. Mkataba unasema nikiondoka kabla mvua hazijaisha nimejiondoa mwenyewe, na kazi nyingine sina. Nimelikoroga, nalinywa.

Nitoe salamu sasa hivi, kwa sababu nikishafika kule mwisho sitaweza kuandika mengine. Msalimie dada Skola na shemeji, mwambie shemeji koleo lake sijalisahau. Msalimie mjomba anayelinda mashine ya kukoboa kahawa. Msalimie shangazi wa bondeni na umwambie namuombea macho yake. Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu kwa magoti. Mama Ndahani anakusalimu, anasema siku ukija atakupikia mlenda, ukiukataa atajua umezaliwa mbali.

Sasa mama, vaa miwani.

Mtoe Osmundi nje mchana. Jua liupige uso wako, si wake, akuone vizuri. Usimwite. Mguse bega mara moja tu, kisha ungoje ageuke mwenyewe. Atachelewa. Ngoja.

Akigeuka, gusa unyusi wako wa kulia kwa kidole kimoja. Huyo ni mimi, kwa ajili ya lile kovu la jembe. Hilo ndilo jina langu kwake, hana jingine.

Kisha funika macho yote mawili kwa viganja, uviache hapo kidogo, utikise kichwa. Hapo umemwambia, Deo hakukuona. Fanya taratibu. Ukifanya haraka inakuwa "Deo hataki kukuona," na hilo ndilo analoliamini tayari.

Kisha ngumi kifuani kwako, uipeleke polepole mpaka iguse kifua chake. Hii sikuelezi maana yake, utaijua ukiifanya.

Kwa nini sikumwona, hilo hutaweza kumwambia. Mtandao hatuna ishara yake. Hatukuwahi kuitunga, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi na hatukuwa na haja ya kuutaja. Usijaribu kubuni, utamchanganya.

Akielewa, atakuuliza nakuja lini. Atainua kidole chake upande wa mashariki na kukipitisha juu ya kichwa mpaka magharibi, halafu atakutazama. Hapo sina cha kukupa. Najua utataka kumfariji, na ishara ya kesho unaijua, ni mojawapo ya zile chache unazozijua. Nakuomba sana usiitumie. Sisi tunaosikia tukisema kesho tunaelewana. Yeye ukimwambia kesho, kesho alfajiri atafua shati, ataenda kukaa stendi.

Mwanao,
Deo