Jina Lako Bado Linauza Vinyago

Baba,

Tulikuzika Ukambani Jumamosi. Kufikia Jumatano ulikuwa umeshawaandikia wateja wote, ukiwahimiza wanunue vinyago upesi kabla bei haijapanda. Hongera. Sijawahi kuona marehemu mchapakazi namna hiyo.

Aliyeandika ni ndugu yako Mutua. Najua napaswa kumwita baba mdogo, lakini heshima hiyo nimeiweka kando kwanza. Mtu ambaye hajawahi kushika patasi, ambaye vumbi la mbao likimgusa anapiga chafya na kwenda kutafuta chai, siku hizi anavaa tai na kujiita meneja wa mauzo. Meneja wa kibanda cha mabati, Makongeni. Viti vya matanga vilikuwa bado havijarudishwa kanisani alipochukua daftari lako, eti alitunze, akaenda nalo kwenye duka la intaneti mjini.

Lile daftari, Baba. Mteja aliyepita kibandani ulimpa kalamu aandike anwani yake kwa mkono wake mwenyewe, na asiyetaka hukumsukuma. Hata picha zetu zilipowekwa kwenye intaneti, watu wa mbali wakaanza kuagiza, ulishikilia sharti lile lile: haingii mtu ambaye hajaomba. Ulikaa nyuma yangu pale kwenye kompyuta, kofia magotini, ukiniambia cha kuandika. Kama hakuna kinyago kipya, hatuandiki. "Nduku, mlangoni pa watu hubishi hodi mikono mitupu." Na kila barua tuliimaliza kwa maneno yale yale: "Ukichoka na barua zangu, niambie. Nitanyamaza na hatutakosana." Mimi niliona aibu kuyaandika. Niliona kama tunawafukuza wateja. Aliyesema basi, ulimpigia mstari mmoja wa penseli, taratibu, ukasema, "Huyu ametuaga."

Basi Mutua aliwaandikia hata waliotuaga. Wote kwenye barua moja, kila mtu akiona anwani ya mwenzake, kama nguo za ndani zilizoanikwa njiani. Herufi kubwa tupu: NAFASI YA MWISHO. Nafasi hiyo ya mwisho ilirudi Ijumaa, na Jumatatu tena. Chini yake, jina lako. Nilipomuuliza mbona anaandika kwa jina la marehemu, alinitazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mtoto mzito wa kuelewa. "Nduku, wateja wanamjua yeye, hawanijui mimi." Ni neno la kweli pekee nililowahi kulisikia kinywani mwake.

Wawili walitutukana. Wengi walinyamaza. Hayo ningeyameza. Lakini Bi Astrid alijibu, yule bibi wa Uswidi aliyemnunua twiga wako mwenye shingo iliyopinda, ambaye wewe ulitaka kumtia motoni. Ulipolazwa nilikuwa nimemwandikia kwamba unaumwa. Sasa akasema amelia kwa furaha kuliona jina lako. Mungu amesikia maombi yake. Akauliza, je, umeanza kula vizuri?

Nilisoma mara tatu. Nikamchapishia Mutua nikampelekea, nikidhani ataona haya. Unajua alisema nini? "Safi. Muulize kama anataka twiga mwingine." Tai shingoni, kichwani makapi.

Nilimnyang'anya daftari mbele ya jamaa wote, nikaenda nikabadilisha neno la siri la barua pepe lililoandikwa humo. Wanasema nimekosa adabu. Waache waseme. Kisha niliwaandikia wateja mmoja mmoja, kwamba umefariki, na kwamba barua zile hazikuwa zako. Ilinichukua siku nne. Waliopigwa mstari sikuwaandikia, hata kuwaomba radhi. Aliyekataa amekataa.

Bi Astrid nilimwacha wa mwisho kwa sababu ya woga. Jibu lake lilikuwa mistari miwili. Anasikitika sana. Anaomba nisimwandikie tena, maana hawezi kuliona jina lako likiingia asijue ni nani anayesema.

Nilichukua penseli yako. Nilikaa na ukurasa wenye jina lake mpaka Mama akaniita kula, ndipo nikapiga mstari, mmoja, taratibu. Nilitaka kusema ametuaga. Sikuweza, kwa sababu hakutuaga. Tulimfukuza sisi.

Nakuahidi hivi: jina lako halitauza tena kitu ambacho hukukichonga. Mimi niliyekuwa napiga msasa tu, sasa nimeshika patasi. Twiga wangu wa kwanza amepinda kumshinda wako. Siku nitakapopata anayefaa kuonwa na watu, nitaandika kwa jina langu, kwa aliyeomba, na sitabisha hodi mikono mitupu. Mutua akitaka kuuza, na auze tai yake.

Lala salama, Baba. Najua hukuniomba nikuandikie. Ukichoka na barua zangu, niambie. Nitanyamaza na hatutakosana.

Mwanao,
Nduku