Baraka, Kumbe Beki Alikuwa Wewe

Baraka ndugu yangu,

Sijui barua hii naielekeza wapi, ila nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Tumecheza mechi ya kwanza bila wewe. 

Tangu moyo wako uliposimama ghafla kazini, timu yetu ya hoki ya barafu haikushika magongo kwa wiki kadhaa. Kisha kocha akatuletea kipa mpya kutoka Golden Valley, mrefu, mwepesi, aliyewahi kudaka chuoni. Wenzetu walishusha pumzi. Unajua walivyokuwa wakikusema: kipa mfupi, anafungwa mabao ya kijinga, na mdomo haufungi. Aliyesifiwa ni mimi. Beki Mkenya, hapitiki!

Jumamosi pale Richfield nilipitika, Baraka. Walinipita huku, wakanipita kule, kama mlango ulioachwa wazi. Nikasimama katikati ya barafu, nikageuka kutazama goli letu. Yule kijana alikuwa tayari, macho kwenye kile kisahani tunachokipiga kwa magongo. Kimya. Kimya kabisa.

Ndipo nikaelewa.

Kumbe miaka yote ile macho yalikuwa yako, mimi nilikuwa na miguu tu! “Goshi, ndugu, goshi!” “Yuko nyuma yako!” “Huyo muache, ni wangu, funga yule mwingine!” Nilitii bila hata kujua kwamba natii. Wenzetu Wazungu walidhani tunapiga soga za kwetu. Nami nilikuwa nakucheka, mtu wa Bukavu, hata kushoto unaita goshi.

Mabao sikutajii. Tulipokuwa tukivua viatu nilimweleza kocha. Mzee akavua kofia, akasema tulihesabu mabao uliyofungwa, lakini mashuti uliyoyazuia yasipigwe kabisa, nani aliyahesabu?

Leo baada ya ibada nimekwenda kwa mama yako, Brooklyn Center. Alikuja kukutazama ukicheza mara moja tu, akarudi akilalamika kwamba mwanawe anasimama wakati wenzake wanafanya kazi. Nimemweleza yote, taratibu. Amenikazia macho, kisha akauliza, “Kumbe alikuwa anawachunga?”

Baraka, nimemwitikia kwa kichwa. Nimelia palepale jikoni kwake.

Pumzika, ndugu yangu. Jumamosi ijayo naanza kumfundisha yule kijana kupiga kelele. Na nakuahidi, atalijua jina lako kabla hajalishika langu.

Ndugu yako,
Otieno