Kamba ya Tekla

Bukene,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Kabula,

Salamu nyingi za upendo zikufikie hapo Kaliua. Najua ungekuwa mbele yangu ungewahi wewe na shikamoo yako, kwa hiyo marahaba, ipokee. Je, miguu imepungua kuvimba? Shemeji hajambo? Huku mvua zimeshika kweli. Vyura hawatuachi tulale, na mpunga unapendeza kwa wenye nguvu za kuupalilia.

Mimi sijambo ya kusema tu. Daktari wa Nzega hakunificha. Alisema, Mwalimu, wewe ni msomi, nikwambie ukweli: moyo umechoka na dawa zinausindikiza tu. Nikamshukuru. Sasa naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Ukiona mistari imepinda usidhani nimerudia pombe.

Siku ile uliponipigia simu ulisema Tekla amekuja kwako na mabegi yake yote, hataki tena kusikia habari za ualimu, anatafuta kibanda cha kuuzia vitenge. Ukasema umemkemea sana kwa kuniaibisha mimi mjomba wake niliyempokea. Nikakujibu kwamba mtandao unakatakata, tutaongea siku nyingine. Mtandao ulikuwa mzuri, Kabula.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Mwanao alipoanza kufundisha hisabati kidato cha pili hapa, alilitia darasa zima katika ubishi. Madawati aliyageuza, wanafunzi wakatazamana wao kwa wao. Mtoto akikosa jibu, haadhibiwi. Anaulizwa amefikaje pale, na wenzake wanamsikiliza. Mkuu wa shule, Magreth, aliniambia kelele zinafika ofisini, lakini safari hii ni kelele za hesabu, hajawahi kuzisikia.

Kisha akaniomba jaruba langu la mpunga la bondeni, lile la urithi wa baba, awapeleke wanafunzi wakapime. Nilimkubalia. Alisokota kamba ya katani, akaifunga fundo kila mita, na kila wiki walishuka nayo.

Siku moja nilijikongoja na fimbo nikaenda kuona. Tekla aliwauliza: jaruba likiongezwa urefu mara mbili na upana mara mbili, miche itahitajika mara ngapi? Shukrani, mtoto wa yule fundi baiskeli wa stesheni, akasema mara mbili, hilo hata mbuzi analijua. Mwenzake Suzana akamwambia basi ukioa utampeleka mkeo shambani na nusu ya miche, mkale nyasi. Wakacheka, wakavutana, wakataka Tekla aamue. Hakuamua. Aliwarushia kamba tu. Wakaingia kwenye tope, wakapima, wakachora mistari kwa fimbo, na majaruba madogo yakatokea manne. Shukrani alisimama pale katikati, tope magotini, akayatazama kwa muda. Halafu akajicheka mwenyewe, akaanza kumweleza mwenzake ambaye bado hajaelewa.

Kabula, nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu. Nilikuwa nawaimbisha urefu mara upana. Waliimba vizuri, wakafeli vizuri. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona mtoto akielewa kitu mbele ya macho yangu namna ile. Ningepaswa kufurahi. Jioni Tekla aliponiuliza nimeonaje, nilimwambia watoto wamechafuka.

Hapa nimepumzika. Naendelea.

Wazazi nao waliona tope. Unawajua watu wa huku, wameshawahi kuona watoto wao wakilimishwa mashamba ya walimu, na hawajasahau. Basi maneno yakaenea kisimani na gulioni kwamba mwalimu mgeni amegeuza watoto vibarua, wanapanda mpunga wa mjomba wake bure. Masolwa, mwenyekiti wa bodi ya shule, akaja hapa nyumbani kwa heshima zote. Aliketi, akanywa uji, akaniuliza: Mwalimu, wewe ndiye mkubwa wetu katika mambo haya, na jaruba ni lako. Watoto wanasoma kule au wanalima?

Neno moja lingetosha. Nilichomjibu ni hiki: mimi nilifundisha kwa ubao na chaki, mambo ya tope siyajui.

Ndiyo hayo, mdogo wangu. Si wazazi waliomwondoa mwanao, ni mimi. Bodi ikamkataza kutoka na watoto nje ya darasa, watu wakamwita nyapara, naye akaandika barua ya kuacha kazi. Asubuhi alipoondoka alinipikia uji, akaniomba radhi kwa kunichafulia jina. Nikaitikia, nikamwambia nimemsamehe. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko vyura.

Jumatano iliyopita palikuwa na mkutano wa wazazi. Niliomba nibebwe kwa bajaji, nikasema mbele yao haya niliyokuandikia. Masolwa akasema, Mwalimu, umetoa jibu sahihi wakati karatasi zimeshakusanywa. Watu wakacheka. Lakini baadaye, mama mmoja akauliza kama mwalimu yule bado anaweza kupatikana, na hakuna aliyempinga. Magreth ananiambia barua ya Tekla ameikalia, hajaipeleka mbele, na ataikalia mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo hawezi.

Kwa hiyo nakuomba usimkemee tena. Msomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kunionea huruma. Hakushindwa kufundisha. Alifaulu mbele ya macho yangu, na wivu ukanifunga mdomo. Asiponisamehe atakuwa na haki. Ila asiuze vitenge kwa sababu yangu. Akirudi, asianzie hapa kuniuguza, aende moja kwa moja darasani.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde, nami anipe subira kwa siku zilizobaki.

Nilitaka kusahau: kamba imebaki hapa, imetundikwa nyuma ya mlango, mafundo yote yapo. Jana Shukrani na Suzana walikuja kuiomba. Sikuwapa. Niliwaambia mwenyewe yuko njiani anarudi. Nimeshawadanganya watu wa hapa mara moja, Kabula. Nisaidie hii isiwe mara ya pili.

Kaka yako akupendaye,
Mwalimu Shigela