Vitufe vya Butoyi

Jumatatu, 3 Machi
Steshenari kama kawaida. CV mbili, tangazo la msiba, fotokopi za wanafunzi. Mchana basi la Kibondo limeleta kibodi. Musa wa banda la gemu kule Kibondo kaniuzia yake ya mtumba. Ndani ya kila kitufe mna sumaku. Unachagua mwenyewe kibonyezwe kidogo au sana ndipo herufi itoke. Wacheza gemu hupunguza ili wawahi kufyatua risasi. Mimi nataka pacha wangu, Butoyi, aongee kwa kuandika. Ugonjwa wa misuli umemaliza sauti yake, sasa unakula mikono.

Jumatano, 5 Machi
Nimepunguza vitufe mpaka vidole vyangu vikaridhika. Kugusa tu, herufi hiyo. Nimeringa nyumba nzima. Butoyi hajaandika kitu. Labda kachoka.

Jumapili, 9 Machi
Hata herufi moja. Nimemfokea. Nimemwuliza nimsemee mpaka lini. Kanitazama tu, mikono juu ya kibodi. Nikatoka kufua kwa hasira. Shangazi, aliyekuja kutoka Heru Juu kumjulia hali, akanifuata kwenye beseni.

“Weye Bukuru, vidole ulivyopimia ni vyako. Vyake umeviuliza?”

Masikio yaliniwaka. Huku kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na cha mmoja ni cha mwenzake. Mama alinipima mimi, akashona magauni mawili. Viatu nilijaribu mimi, zikanunuliwa jozi mbili. Na vitufe nimevipima hivyohivyo, mjinga mimi. Kumbe alikuwa anabonyeza. Siku zote hizo alikuwa anabonyeza, nami nasema kanuna.

Jumanne, 11 Machi
Sijafungua duka. Musa kwenye simu ananielekeza, mimi nimeshika kidole cha Butoyi, tunapunguza kitufe kimoja kimoja. Cha A kilipokubali, Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Sentensi yake ya kwanza: chai yako mbaya siku hizi. Nimecheka mpaka nikalia. Ya pili: usininunulie tena viatu.

Nimejifanya sijaisoma.

Jumapili, 16 Machi
Kaandika asubuhi nzima. Kaagiza maharage ya Makere, hayo ya sokoni hayataki. Kamsengenya mchungaji. Kaniuliza kama naogopa. Nimesema hapana. Akaandika: mwongo, mimi naogopa. Nimepanda kitandani kwake, tumelala mgongo kwa mgongo kama utotoni. Nimechukia miguu yangu kwa kuwa na nguvu.

Alhamisi, 20 Machi
Maneno mawili tu leo. Nimepunguza tena.

Jumamosi, 22 Machi
Vitufe vimefika mwisho. Musa kasema chini ya hapo hakuna, wala hakukata simu. Nilitaka kumtukana. Kosa lake nini? Moyo umevunjika, basi. Sina namna nyingine ya kuuandika.

Jumanne, 25 Machi
Mvua tangu alfajiri. Shangazi kalala kwenye kiti. Nimemwekea Butoyi mkono juu ya kibodi kama kila siku. Kidole kimeangukia J. Zikatoka jjjjjjjj, mstari mzima, kisha wa pili. Huo ni uzito wa kidole tu, najua. Macho yake yalikuwa dirishani.

Sikuuondoa mkono. Nimekaa naye, nikawa nasoma, mpaka ukurasa ukajaa.