Ufito Niliourudisha Kaya

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka, kwetu hatuamkiani hivyo, lakini miaka miwili ya Diani imenifundisha kwamba salamu haiharakishwi. Goti lako je? Na wale kuku, bado wanatagia ndani ya sufuria? Mimi ni mzima, ila makalio ndiyo yanayolalamika.

Sababu ni baiskeli. Unajua kazi yangu ni kutengeneza baiskeli za wageni. Juma lililopita nilitumwa niandamane na wanne kwa siku nne, kutoka Diani hadi Vanga kwa njia za msituni, tukilala kwenye mahema. Ni mchanga, mizizi na matope. Nilianguka mara mbili, wageni ndio wakaniinua.

Siku ya pili tulifika kaya, msitu wa mababu wa Wadigo. Mwongozaji wetu Bi Mwanatumu, mzaliwa wa hapo, alikuwa ameshatuombea ruhusa kwa wazee. Tuliacha baiskeli nje, tukavua viatu. Mama, sijapata kuona miti namna ile. Tulishikana mikono sote sita, tusiweze kuuzunguka mmoja. Hakuna aliyetukataza kusema, lakini tulijikuta tunanong'ona, nami nilisisimka mwili mzima nikataka kulia, sijui kwa nini.

Wakati wa kutoka niliokota ufito mkavu, umenyooka, nikaona utanifaa kusimamishia hema. Kambini Bi Mwanatumu aliuona, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia ni kuni tu, umeanguka wenyewe.

"Kaka Kioko, cha kaya hakitoki," alisema taratibu. "Kama kila aliyepita angalichukua kimoja, wewe leo ungaliona nini?"

Alfajiri mimi naye tuliendesha kurudi kaya, yeye akaningoja nje. Niliulaza palepale nilipouokota. Hondohondo wakapita juu yangu, mabawa yakivuma, nikasimama peku hadi walipotokomea.

Ndipo nilipoukumbuka mkuyu wetu wa mtoni, pale Nyanya alipokuwa akiombea mvua. Mdogo wangu Mutua aliponipigia kuuliza kama aukate achome makaa, nilikuwa nakaza nati, nikamwambia kata. Hata sikufikiri. Mwambie kaka yake ameghairi. Ufito niliweza kuurudisha, mkuyu ukishaangushwa haurudi.

Simu yake haipatikani tangu juzi, na yako najua iko kabatini bila chaji. Ndiyo maana nampa barua hii mwenzangu anayekuja huko kesho.

Nisalimie shangazi yangu wa kwaya, na jirani yetu fundi cherehani. Mutua mfiche shoka kwanza, ndipo umpe salamu zangu.

Mwanao aliyetoka mikono mitupu,
Kioko