Vimulimuli wa Magharibi

Chinatsu, wamekufa wote. Vimulimuli wangu niliowalea bafuni tangu mayai, nikiwakamatia konokono wa kula kwa mikono yangu.

Leo kijiji kizima kilikuja mtoni kuona nikiwaachilia. Bwana Kuroiwa, mwenyekiti wa kamati ya mto, akachungulia kizimba, akacheka.

“Mbona wanawaka harakaharaka? Wetu huwaka polepole. Hawa ni wa magharibi mwa nchi! Mayai uliyanunua wapi, msomi?”

Mtandaoni. Sikuuliza yametoka wapi. Sikuuliza, Chinatsu!

“Wakizaana na wetu wataharibu mbegu.” Akanipa kopo la dawa ya wadudu. Mimi! “Wewe ndiye mama yao. Pulizia.”

Watoto wanalia. Nikapulizia.

Walikuwa bado wanawaka huku wakifa, naye ananiambia, “Pole kwa kazi, binti.”

Nikainama, nikamshukuru. Nilimshukuru!