Zawadi ya Kaka Imefungwa Mstarini, Inveta Imekufa, Nashtakiwa Mimi na Pasi

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko, na msaada ninaoomba ni wa haraka, kwa sababu Jumapili hii baada ya misa ukoo wa mume wangu unakaa kikao, na mimi natakiwa nipige magoti niombe radhi kwa kuua inveta.

Naitwa Katusiime, nimeolewa hapa Isingiro, Kyerwa, kwa wafugaji, na mume wangu ni Twinomujuni. Nyumbani tulikuwa na paneli mbili kubwa za sola juu ya bati, inveta ya kilowati tatu na betri mbili, taa zinawaka, friji ndogo ya maziwa inafanya kazi, pasi napiga kila wiki, na mwaka mzima hatukugombana kwa ajili ya umeme, tuligombana kwa mengine. Basi mwezi uliopita kaka yangu Muhangi wa Bweranyange akatuletea paneli ya tatu, ya aina ileile, zawadi ya ubatizo wa mtoto wetu, na hapo ndipo naungama, maana hata padri sijamwambia. Fundi wetu Akankwasa, ambaye ni binamu wa mume wangu, alitaka kuiweka pembeni kwanza mpaka awaulize wenzake wa Kayanga, mimi nikakataa, kwa sababu unajua sisi wafugaji, ng'ombe uliyepewa na ndugu unamwingiza kundini siku hiyohiyo, ukimtenga, aliyekupa akija anaona umemdharau, kwa hiyo nikamwambia, "Shemeji, zawadi ya kaka yangu haikai pembeni kama ng'ombe mgonjwa, ifunge kwenye mstari na wenzake." Akacheka, akasema, "Sawa, mke wetu. Inveta ni ya kilowati tatu, paneli zote hizi hazifiki hata kilowati mbili. Wati zinatosha." Akaziunganisha zote tatu, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile.

Siku nne za joto ilifanya kazi. Siku ya tano tuliamka kumenyesha, baridi ya kuvalia sweta, kisha jua likatoka ghafla, anga safi kabisa, na mimi saa mbili asubuhi nikachomeka pasi ninyooshe shati, si langu, la Twinomujuni, la kwendea mnadani, nikasikia inveta imelia pa, harufu ya kuungua, na haijawaka tena mpaka leo. Akankwasa alikuja, hakupanda hata ngazi, akaiona pasi mezani, akasema, "Ni pasi." Mume wangu akasema, "Nilijua." Wifi yangu Jovitha, ambaye siku hiyo hakuwepo hata kijijini, naye alijua.

Sasa wameamua auzwe mtamba wangu, niliyepewa nilipojifungua mtoto wa kwanza, inunuliwe inveta nyingine kama ileile, na Akankwasa aifunge kama ilivyokuwa. Nikisema habari za paneli ya tatu nitamwaibisha kaka yangu, nikinyamaza mtamba wangu anakwenda. Sikufika mbali shuleni lakini kunakili najua: kwenye karatasi iliyokuja na paneli pameandikwa Voc 49.8, na ubavuni mwa inveta, chini ya kitambaa nilichofuma kuifunika, nimeona sola mwisho volti 145. Maana yake siijui. Niombe radhi kwa pasi, au nifanyeje?

Katusiime, Isingiro

Marahaba, Katusiime. Mwandiko wako unasomeka vizuri kuliko kazi ya shemeji yako.

Mimi umeme sikuusomea darasani. Niliujua kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa, na kwa kusoma stika kabla ya kushika bisibisi, tabia ambayo mafundi kadhaa wameniambia usoni kwamba ni ya kuwavunjia heshima. Wewe umenakili namba mbili tu, na hizo mbili zimemaliza kesi yako.

Hiyo Voc ni volti inazotoa paneli moja kabla haijaanza kutumiwa. Ukifunga mkia kwa kichwa, volti zinajumlishwa. Paneli mbili ni 99.6, chini ya 145, ndiyo maana mwaka mzima inveta ilitulia. Paneli tatu ni 149.4. Imepita. Akankwasa alihesabu wati akasahau volti, na hapo ndipo hasira yangu inapoanza, kwa sababu si kosa dogo. Wati za paneli zikizidi, inveta nyingi huchukua zinazoweza na kuziacha nyingine juu ya bati. Volti zikizidi, haichagui, inapasuka.

Tena paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Ile namba ya kwenye karatasi ilipimwa kwenye joto la kadiri; paneli ikipoa, volti zinapanda. Zile siku nne joto liliwaponyesha bila nyinyi kujua. Ikaja asubuhi ya baridi na jua kali, kama zilivyo asubuhi nyingi za milima yenu baada ya mvua, na kazi ikaisha. Uwe umeshika pasi, uwe umeshika ufagio, ingelia vilevile. Pasi ikizidi nguvu, kwa kawaida inveta hupiga kelele na kujizima, na yako ilikuwa imeibeba pasi hiyohiyo mwaka mzima. Lakini pasi hushikwa na mwanamke, basi kumkamata mshtakiwa inakuwa rahisi, hata kwa wifi ambaye hakuwepo kijijini.

Usianze kutabasamu, zamu yako inakuja. Fundi alitaka kwenda kuuliza, ukamzuia kwa sheria za zizini. Paneli haioni wivu, mama. Muhangi akija hataangalia imefungwa wapi, ataangalia kama taa inawaka. Na hicho kitambaa kitoe leo. Hakikuua inveta, ila kinaizuia kupumua, na kiliwafunika wote macho msiione stika. Hata hivyo, kosa zito ni la Akankwasa. Wewe ulizungumza kama mtu wa nyumbani, yeye alipaswa kujibu kama fundi. Akakubali kwa kicheko, na mambo yalipoharibika akatafuta pasi.

Kwa hiyo leo hii mpigie kaka yako umweleze yote, asije akayasikia kwa Jovitha. Paneli yake ni nzima na hana aibu yoyote. Jumapili usipige magoti kwa ajili ya pasi. Anza wewe, kabla ya mtu yeyote, useme kwamba uling'ang'ania paneli ifungwe mstarini, na kwa hilo omba radhi. Kisha mpe Akankwasa karatasi na kalamu, aandike mbele ya wazee 49.8 mara tatu, na chini yake 145. Usimsaidie kujumlisha.

Inveta iliyokufa ipelekeni kwa fundi mwingine aifungue, huenda kilichoungua ni sehemu ya kupokea sola peke yake na kinatengenezeka. Ikirudi, au ikija nyingine ya namna ileile, zifungwe paneli mbili tu kama zamani. Ya tatu ikae ndani mpaka ipate mwenzake wa aina moja, ziwe jozi mbili zinazofungwa sambamba, volti zibaki 99.6, na kwanza msome kwenye stika kama inveta inazikubali ampea, yaani wingi wa mkondo, zitakazoongezeka.

Mtamba abaki zizini. Wakimuuza leo na inveta mpya ikafungwa kama ile ya kwanza, asubuhi ya baridi inayofuata itapasuka nayo, na safari hiyo hutakuwa na ng'ombe wa kuwapa. Gharama mgawane kadiri ya makosa, na fundi achukue fungu kubwa. Akisema hawezi, mume wako amwambie, maana binamu ni wake. Akishindwa kusema, utasema wewe, na utasema ukiwa umekaa kwenye kiti.